Waifai ya Kwetu na Jina Nililoipa

Jumamosi, 10 Agosti 2024

Waifai imefika! Mtaa wetu wote hapa Ujiji, nyumba ya kwanza ni kwetu. Kaileta dada Melania: ruta nyeupe na antena ya kufunga kwenye mlingoti, maana huku kwetu bondeni simu hainasi mpaka upande ukuta. Alhamisi saa nne asubuhi ana mahojiano ya kazi kwa video, hospitali ya masista huko Tabora. Nesi mwenye cheti, miaka miwili yuko nyumbani anapepeta mchele! Wamemwandikia wazi: usipoonekana saa nne, jina linafutwa.

Sasa Baba. Kachukua ruta, kaitia kwenye sanduku la bati la nguo zake za harusi, kapiga kufuli. Eti mtandao usivuje kwenda kwa majirani. Dada kamwambia, Baba, itakosa hewa. Kajibu: "Suti yangu imekosa hewa miaka thelathini, imeharibika?"

Huyu ndiye aliyenizaa.

Jumapili, 11 Agosti

Nilisema! Hainasi kitu. Baba katoka kanisani, kasimama katikati ya sebule kainua simu juu kama anaomba mvua. Nikamwambia, nipe ufunguo. Kanitazama mpaka kwenye ndala. "Wewe wa kidato cha pili?"

Ndiyo, mimi wa kidato cha pili! Shule iliniacha, akili haikuniacha. Dakika tano tu. Ruta nje ya sanduku, nimeitundika juu ya dirisha, simu zote zinacheka. Baba hakusema ahsante. Kasema, "Basi ilinde wewe." Kwa hiyo kuanzia leo mimi ndiye meneja wa mtandao wa nyumba hii. Mama kaifunika ruta kitambaa cha kufuma. Nimekitoa. Kakirudisha. Nimekitoa tena.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeingia ndani ya ruta kwa simu yangu. Naona kila anayekula bando! Simu zetu nne — halafu ngeni tatu. Nikaitisha kikao. Mama, bila hata aibu: "Nimempa Yunisi paswodi. Kaja kuomba."

Yunisi ni binti wa Mzee Dismasi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, fundi wa maboti pale Kibirizi. Mama anagawa paswodi kama anavyogawa chumvi! Nikamweleza taratibu kwamba bando lina mwisho. Kasema hata chumvi ina mwisho. Majibu ya watu wa zamani hayo.

Halafu akaongeza: "Na umeme wa kuwasha hiyo ruta yako tunautoa wapi?" Sawa, mita iko ukutani kwa Mzee Dismasi, tunavuta waya kwake tangu sijazaliwa. Lakini ule ni umeme. Hii ni teknolojia. Mama hatofautishi.

Jumanne, 13 Agosti

Nimebadilisha paswodi. Mpya iko kwenye daftari hili tu. Yunisi kazunguka ukuta mara tatu na simu mkononi kama kuku aliyepoteza kifaranga. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Na jina nimebadilisha! Mtu yeyote akifungua simu karibu na kwetu, anakutana nalo, herufi kubwa: DISMASI NUNUA YAKO.

Dada kaliona. Hakucheka. "Onesmo, futa. Yule ni mtu mzima." Nikamjibu yule mzee anajua mbao na misumari, kuangalia mitandao atajulia wapi? Simu yake yenyewe ina tochi na betri iliyofungwa raba.

Jumatano, 14 Agosti

Leo imekuwa balaa kidogo.

Kwa Mzee Dismasi walikuja wageni kutoka Ilagala, wameleta posa ya Yunisi. Wamevaa, wamekaa, wanaulizana habari za ukoo. Mimi nasikia kila kitu upande huu. Mara mshenga mmoja anataka kuonyesha picha ya kijana, anatafuta mtandao — na anasoma kwa sauti! "Dismasi nunua yako." Mwingine akauliza, Dismasi si ndiye wewe mzee? Kuna aliyekohoa.

Wageni walipoondoka Mzee Dismasi kaja mlangoni kwetu. Hakufoka. Kauliza tu nani ameandika. Nikamwambia kampuni ndiyo inatunga majina, mzee, sisi hatuhusiki. Kanitazama kama anapima ubao. Kaondoka.

Dada kanishika shati: futa sasa hivi. Nikamwambia nikibadilisha jina, vifaa vyote vinakatika, naanza upya kuunganisha, na kesho ana mahojiano. Nitabadilisha baadaye. Hiyo ni kweli kitaalamu. Zaidi ni kwamba sikutaka aone nimemtii.

Alhamisi, 15 Agosti

Saa tatu na dakika ishirini ruta imezimika. Feni imezimika. Kompyuta ya dada ya kuazima, betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya tu — nayo imezimika. Nje redio ya Mzee Dismasi inaimba. Kazima upande wetu.

Baba yuko shambani Mwandiga. Mama yuko sokoni. Boda mpaka mjini, utafute pa kuchomeka, muda umekwisha.

Naandika nikiwa kwenye benchi la Mzee Dismasi. Daftari nimekuja nalo, paswodi akiitaka nimpe. Nimesema shikamoo mara tatu. Hajaitikia hata moja. Anapiga randa mbao yake. Nikasema mzee, dada ana mahojiano. Kajibu bila kuinua kichwa: "Mwambie anunue umeme wake."

Saa tatu na dakika arobaini na tano. Natoa shikamoo ya nne.

Dada kaja. Juu blauzi nyeupe ya mahojiano, imepigwa pasi, chini kanga, maana huko Tabora wangemwona kifua na kichwa tu. Kapiga magoti kwenye takataka za mbao. "Shikamoo baba." Kaitikia! "Marahaba mwanangu." Mzee kamuuliza: jina lile kaandika nani, maana huyu ananiambia kampuni.

Dada kanitazama. Halafu: "Ni mimi, baba. Nisamehe."

Yeye! Hata paswodi hajui.

Randa imesimama. Saa tatu na hamsini na moja. Mzee anamtazama dada, haamini. Sasa ananigeukia mimi. Anauliza, we kijana, tangu umekaa hapo unaandika nini?

Dada anatikisa kichwa, nisiseme.

Mzee anasema: "Soma. Anzia mwanzo." Naweka kalamu chini, nafungua ukurasa wa Jumamosi.