Fungu la Nyama la Dehbia

Kwa mjukuu wangu Mezyan, huko Marseille,

Salamu nyingi, mwanangu. Kikohozi kimekuachia? Mimi magoti yamechoka, ulimi bado. Kwenye simu unanikatiza, ndiyo maana nimeandikisha barua. Anayeandika ni shangazi yako Jedjiga. Nimemkataza kuyaremba maneno yangu.

Ng'ombe mliotununulia, wewe na wenzako wa chama cha wanakijiji walio huko, walichinjwa kabla ya kulima. Mungu awalipe. Lakini nisikilize. Tangu nizaliwe, nyama ya kijiji hupangwa juu ya matawi, mafungu sawasawa, kila nyumba moja, kisha kura. Nani katoa fahali, nani hakutoa hata kitunguu, anajua mzee wa kijiji peke yake, naye huzikwa na siri hiyo. Dehbia jirani yangu amekula hivyo miaka arobaini ya ujane, wala hakuwahi kujiita maskini. Tena alikuwa akinicheka mimi, ati kuskusi ninayopika ni kokoto.

Safari hii mjumbe wenu alikuja na orodha. Maskini mbele, nyama kwenye mifuko, na picha. Akamwita Dehbia. Watu wakamgeukia kana kwamba ameota pembe. Mke wa Akli akasema, kumbe bibi ulikuwa maskini siku zote hizo, nasi hatujui! Wakacheka. Dehbia akapokea, akapigwa picha, akaenda zake. Tangu hapo haji kwangu kuoka mkate. Nikimpelekea mafuta ya zeituni ananipokelea mlangoni, macho chini, ati Mungu akuzidishie. Dehbia huyo, aliyekuwa akinipokonya mtungi wa mafuta mkononi!

Sasa nikwambie lililonikaa kooni. Uliponipigia kuuliza nani hana kitu hapa kijijini, niliyelitaja jina lake ni mimi. Nilidhani namtakia heri. Mpumbavu mimi, nawe uliyeuliza.

Kesho yake baada ya mgao wa nyama nilimfuata mjumbe kabla hajaondoka, nikamwambia aniandike chini ya Dehbia. Akasema, bibi, wewe una mjukuu Ulaya. Nikamwambia, andika! Nikasimama na mfuko mkononi, nikapigwa picha. Dehbia hajarudi hata hivyo. Hiyo picha itawafikia. Msiitupe. Wenzako wakiuliza huyu maskini ni nani, uwaambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako.

Jedjiga anakusalimu, na wanawe. Vaa soksi. Nakupenda kuliko macho yangu, na nimekukasirikia.

Bibi yako,
Wardia (alama ya kidole)