Wanaoisifu ni Wengi, Wanaoilipia ni Kumi na Mmoja

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla Jumatatu haijafika, maana nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya. Nilikuwa mtunza kompyuta kwenye ofisi ya bima, nikaacha kazi nikatengeneza programu ya kuchati kwa simu, meseji ikishasomwa inajifuta, haina matangazo, hakuna anayekuchungulia hata mimi mwenyewe, ila inalipiwa kila mwezi, bei ya soda mbili. Kabla ya kuanza niliwauliza watu zaidi ya mia, majirani, wenzangu wa ofisini, akina mama wa saluni, wote wakasema, "Hiyo mbona tutalipia!" nikaamini, na sasa ni mwezi wa saba tangu nianze, wanaolipa ni kumi na mmoja, na wifi yangu amenisema mbele ya wageni, "Anayelipia kufuta meseji ana la kuficha, wewe unawauzia wazinzi pazia." Sasa kaka yangu, mume wa huyo wifi, fundi wa friji aliyenisomesha baba alipofariki, aliniuliza, "Mdogo wangu, wateja wamefika wangapi?" nikaona aibu nikasema mia nne, akafurahi mno, na juzi amekuja kuniambia Jumatatu anamkabidhi mwenzake karakana ili aje tufanye kazi pamoja, nami, badala ya kumwambia ukweli, nikamwongeza chai. Niifunge? Niifanye ya bure niweke matangazo? Au ninyamaze nikazane mpaka mia nne wapatikane?

JIBU

Mdogo wangu, pole, ila pole yangu ni fupi. Soko linaweza kusubiri. Karakana ikishatolewa hairudi. Mwambie kaka yako leo, uso kwa uso, na usianze na visingizio.

Kuhusu wateja, uliuliza swali bovu. Mtu akiulizwa "utalipia?" hujibu kwa adabu, kwani adabu ni bure. Ungemuuliza: mara ya mwisho ulipoogopa meseji yako isije ikasomwa na mwingine, ulifanya nini? Asiyewahi kufanya lolote si mteja wako, hata akupigie makofi. Lakini wapo kumi na mmoja wanaolipa ilhali za bure zimejaa tele, na wewe umewahesabu tu kama viti! Wifi yako asikutishe. Meza yangu hii hupokea barua za wenye maradhi, za wanaopigwa, na wengi huniomba nizichane nikishasoma. Siri si uzinzi. Na matangazo usiweke: hao walilipa ili mlango ufungwe. Watumie swali moja, kwa nini wanalipa, na anayetaka atajibu. Jipe miezi mitatu utafute wanaofanana nao. Wasipopatikana, rudi ofisini. Biashara kufa si mtu kufa.

Kwa kuwa Jumatatu ilikuwa mlangoni, haya nilimsomea kwa simu kabla ya gazeti kutoka, naye ameniruhusu niwaambie yaliyofuata. Alikwenda karakana siku ileile. Kaka yake alimsikiliza huku akikaza skrubu za friji hadi ya mwisho, ndipo akasema, "Umeniumiza. Karakana siitoi." Akanawa mikono. Kisha akauliza, "Hao kumi na mmoja ni kina nani?"

"Sijui, kaka."

"Basi kawaulize. Uje uniambie ukweli, hata wakijibu watatu."