Bakteria Waliopelekwa Kagio Kuota Moto

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi ya Julai imeniweza. Bakteria wangu pia. Hapa Skuta wamelala fofofo. Ukigusa tofali, mchanga unamomonyoka. Wakipata joto hawana mchezo: unawapa mkojo wa ng'ombe na chokaa, wanashikanisha mchanga hadi unakuwa jiwe. Hakuna kuchoma kuni! Kamati ya kanisa inakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuamua kama darasa la watoto litajengwa kwa matofali yangu.

Mume wangu Simiyu anasema mbegu, ule mkojo ninaowalea ndani, ikakae kwa mama yangu, Kagio, kuna joto. Polisi mzima anawaonea bakteria huruma. Nampenda huyu mtu.

Jumanne, 8 Julai

Amepeleka mbegu yote kwa mtungi mmoja. Amerudi amechoka kwa adabu — kwao Bungoma mtu hamzoei mama mkwe. Aliuacha mtungi kando ya jiko, chai akainywea nje. Nimemcheka sana.

Ijumaa, 11 Julai

Mtungi umerudi. Una maziwa.

Kumbe mama alimuuliza ni nini kile kinanuka. Simiyu ataje mkojo mbele ya mama mkwe? Akasema ni maji tu. Basi mama akaona mkwe wake amebeba maji yaliyooza, maskini. Akamwaga. Akasugua. Akamwagia maji moto, tena na tena, vile anavyoosha mitungi ya maziwa. Halafu akakamua akaujaza. "Sasa hii iko safi kabisa. Pelekea mtoto."

Tangu Januari nawalea! Nimelia. Nikamwona mtoto wetu Keziah na masharubu ya maziwa, nikacheka, nikalia tena. Simiyu hajala. Anapanga viatu ambavyo tayari vimepangwa.

Jumamosi, 12 Julai

Mama amepiga simu asubuhi. Mtungi bado unanuka? Kama kuna mingine tumpelekee aoshe, ati nisiwe na aibu, yeye ni mama yangu. Nikasema asante mama.

Mbegu nyingine naweza kulea. Lakini nataka udongo wa pale ng'ombe wake hukojolea, ndimo bakteria hawa huishi, tena leo, la sivyo kamati itakuta mchanga. Na mama hatoi kitu bila kuuliza ni cha nini.

Nikachukua simu. Simiyu akaninyang'anya, pole pole.

"Ni mimi nilimdanganya, Wakiuru. Wacha niseme mwenyewe."

Yuko nje karibu na kamba ya nguo. Amefunga shati mpaka kifungo cha shingo — kwa simu! Mimi niko dirishani na kalamu yangu.

"Mama, shikamoo… Ile kitu haikuwa maji."

Amenipa mgongo.

"Ilikuwa mkojo, mama. Ya ng'ombe. Na ndani kulikuwa na kazi yote ya Wakiuru."

Udongo bado hajauomba. Simiyu hajakata simu. Amesimama wima kama yuko gwaride, na shingo yote imelowa jasho.