Chembe Iliyovunja Posa

Majimbo, Embu

Kwako Karwirwa,

Mvua hapa ni njema, na mama anakuulizia. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Najua kwamba siku ya posa msemaji alikuwa mjomba Nthiga, nami nilipaswa kunyamaza. Lakini baba yako aliposikia kwamba nachanganua vipimo vya chembe ya Higgs, aliuliza, "Umeiona?" Ningenyamazaje? Nilimjibu kwamba haidumu hata ionekane. Protoni zikigonganishwa, tunapima jinsi inavyofungamana na chembe nyingine, na kadiri chembe ilivyo nzito ndivyo inavyofungamana nayo zaidi. Hoja hiyo bado naitetea.

"Na wewe, kijana, umefungamana na nani?" akasema. "Hata mjomba wako humwachi amalize."

Wazee wakaangua kicheko. Nawe ukarudisha birika jikoni bila kunimiminia chai, na posa ikaishia hapo.

Jumamosi tunarudi kwenu Nkubu. Nitaketi nyuma ya mjomba. Baba yako akiiita Higgs hadithi, nitanyamaza, ingawa itaniuma. Ila ikiwa bado unanitaka, Karwirwa, nimiminie chai mbele yao.

Wako, asiyebisha leo,
Njiru