Mstari wa Juu

Liège, 2 Machi 2025

Nkambo wangu mpendwa,

Umeamkaje huko Likasi? Mgongo umekuachia kidogo? Mimi mzima, ila wiki hii sikuongea na mtu hadi sauti yangu ikanishangaza dukani nilipoomba mkate.

Nakusumbua kwa somo. Programu yangu inatakiwa kusema lori limebeba tani ngapi. Nimeandika hivi:

_ → 0
Shaba tani → tani
Kobalti tani → tani

Kila lori jibu ni sifuri, hata lililojaa. Mashine inanionya kwamba mistari miwili ya chini haitafikiwa kamwe. Wewe uliyefundisha informatiki, nieleze polepole.

Na tangu tumzike Nkambo Hortense, nani anakuja kuketi nawe?

Mjukuu wako,
Stéphanie


Likasi, 9 Machi 2025

Mjukuu wangu,

Salamu nimezisoma jana, courant ya umeme iliporudi. Mgongo ni uleule, chakula kinapita. Ongea na watu, hata wa dukani.

Sasa keti. Ulipotangaza aina yako ya data ulisema: mzigo ni Shaba, au Kobalti, au Tupu. Hakuna wa nne. Shaba na Kobalti ni kama magunia: jina liko nje, idadi ya tani iko ndani. Tupu haina kitu ndani. Kulinganisha umbo ni kazi mbili kwa mpigo, kulitambua gunia kwa jina lake na kulifungua. Ndiyo maana ukiandika "Shaba tani", neno "tani" linapokea kilichomo.

Lakini mashine husoma kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaofaa ndio unaochukua mzigo. Haitazami kama chini kuna unaofaa zaidi. Alama yako ya juu maana yake ni "chochote kile". Lori la shaba linafika, linaambiwa sifuri, linaondoka. Mistari ya chini ni sahihi kabisa, ila hakuna lori litakaloiona. Ifute alama hiyo, uandike mwishoni "Tupu → 0". Siku ukiongeza aina ya nne, mashine itakukumbusha kwamba umeisahau.

Wageni hawapo. Baada ya matanga nilichoka na pole za watu. Clémentine, binti aliyekuja mwezi wa pili kunisaidia kazi za nyumbani, nilimpa agizo moja: yeyote akipiga hodi, aambiwe Papa, yaani mimi, anapumzika. Nyumba imetulia, labda kupita kiasi. Juzi mtu aliacha samaki wa ziwa Tshangalele mlangoni, wala hakusema jina. Nimewala peke yangu.

Baba yako yuko Kambove, si mbali. Hakuja kumzika mama yake, hakuja hata baadaye. Simwulizi.

Nkambo wako,
Germain


Liège, 16 Machi 2025

Nkambo,

Natumaini umelala vizuri. Programu imekubali, asante. Lakini barua yako niliirudia, nikawaza samaki wale, kisha nikampigia Papa, baba yangu, huko Kambove. "Ni weye ulipeleka samaki Likasi?"

Akajibu: "Ni miye. Nilienda kulilia mama. Siku ya maziko lori yangu ilikuwa mu foleni ya mupaka ya Kasumbalesa, na mzigo ya watu, sikuweza kuiacha. Nilipofika nyumbani kwa muzee, kabinti kamoja kakaniambia, 'Papa iko napumzika.' Nikauliza, 'Hata kwa mutoto yake?' Kakasema, 'Kwa bantu yote.' Basi. Muzee amenikatala."

Nkambo, wewe mwenyewe uliweka "chochote" juu. Unajua desturi: aliyekosa maziko huja mwenyewe kulia mlangoni, na akirudishwa, amenyimwa kilio. Nimemweleza kwamba agizo halikumlenga yeye. Anajibu tu, "Muache muzee apumzike."

Mjukuu wako,
Stéphanie


Likasi, 6 Aprili 2025

Mjukuu wangu,

Nisamehe kimya hiki. Mwili hauna neno.

Nilimwuliza Clémentine. Akanitazama: "Papa, ulisema bantu yote. Njo maana nilisema bantu yote." Hana kosa. Nimebadilisha agizo: kwanza Bertin, mwanangu, afunguliwe saa yoyote; wengine baadaye. Tangu hapo nimeketi barazani. Hakuna aliyekuja. Nikipiga simu, inaita hadi inakatika.

Programu ukiisahihisha, unaiendesha upya na malori yote yanapita tena. Mtu aliyerudishwa hapiti tena.

Mfiwa hukaa kwake, watu humfuata. Sijawahi kuona mfiwa akienda kubisha hodi kwa mwingine, na sijui nitasema nini. Akinirudisha, atakuwa na haki. Kesho napanda taxi ya Kambove.

Nkambo wako,
Germain


Liège, 13 Aprili 2025

Nkambo,

Hujambo huko uliko? Wiki nzima barua yako haikuja, nikaogopa. Leo mchana Papa amepiga. Anasema uko kwake tangu Jumatatu; ulisimama kwenye geti lake ukasema, "Ni miye Germain, bwana ya Hortense. Nimekuja kulia na mutoto yake." Yeye akaleta kiti, ukakikataa, mkaketi nyote wawili chini.

Kisha akaiweka simu mezani, chakula kikaletwa, mkanisahau. Nilikusikia ukiuliza kwa nini chai haina sukari, naye akikujibu, "Muzee, ulikuja kulia ao kukunywa?" Halafu ukacheka. Sijasikia kicheko hicho tangu Januari.

Sikuwaita. Huku Jumapili jengo zima huwa kimya. Nilichukua sahani yangu, nikaiweka karibu na simu, nikala nanyi mpaka unite za simu zikaisha.

Mjukuu wako,
Stéphanie