Kibuyu cha Sinyati

Jumatatu, 25 Novemba 2024
Kipaimara cha Hope ni Jumapili. Keki ya ndizi na biskuti za nazi hazinisumbui. Shida ni mkate wa mahindi. Hope ameomba kitu kimoja tu: mkate kama wa mama yake. Wifi Sinyati alifariki Hope akiwa darasa la tatu, na sisi tuliokula mkate ule kila sherehe hatukuwahi kumuuliza anauokaje!

Leo nimeoka wa kwanza. Dona, mayai, sukari, maziwa mgando ya dukani. Makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Umeumuka vizuri. Hope akatafuna taratibu, kwa adabu. Mtamu, anti, alisema, ila wa mama ulikuwa na moshi. Nikamuuliza kama ulikuwa unaungua. Hapana. Moshi tu.

Moshi bila kuungua. Unaingilia wapi?

Jumanne, 26 Novemba
Nabadilisha kitu kimoja kila mara, vinginevyo sitajua. Asubuhi: majani ya mgomba chini ya sufuria. Harufu nzuri, siyo yenyewe. Jioni: mfuniko nimeuacha wazi kidogo moshi uingie. Mkate mchungu! Mume wangu Parsimei anasema kuku wa jirani wamenenepa wiki hii kuliko wa Krismasi.

Jumatano, 27 Novemba
Nimekwenda Ngaramtoni kwa mama mkwe. Shikamoo Yeyo, marahaba, chai kwanza. Nikauliza Sinyati alikuwa anatia nini. Dona, akasema, mgando, ndizi mbivu, chumvi. Na nini tena? Na mdomo uliofungwa, akajibu, hakuwa anauliza maswali kama wewe Mchaga. Akacheka mpaka akakohoa.

Nilipoaga akaingia jikoni, akatoka na kibuyu chembamba chenye shanga shingoni. Cha Sinyati. Kimejaa mgando. Alikipangusa kwa khanga yake kabla ya kunipa. Nenda nacho, akasema.

Nimekipakata njia nzima hadi Kaloleni.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimefanya nini!

Asubuhi nilimimina maziwa kwenye bakuli. Yana chembe nyeusi. Nikachungulia ndani ya kibuyu: kuta nyeusi tii. Nikasema uchafu huo, miaka yote, na Jumapili mchungaji atakula kwangu. Maziwa nikayamwaga. Kibuyu nikakisugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo hadi maji yakatoka meupe. Nikakianika juani. Hata nilijisifu.

Hope alipotoka mafundisho akakiona. Akakinusa. Anti, umekiosha? Hiki cha mama hakioshwi! Koko anakichoma ndani kwa kijiti cha moto, ndiyo maziwa yanakaa. (Koko ndiye Yeyo, bibi yake.)

Moshi! Haukuwa jikoni kabisa. Ulikuwa kwenye maziwa. Nimeutafuta siku nne, na leo nimeushika mkononi nikaumwaga kwenye karo.

Hope hakulia. Alikiweka chini taratibu, akaenda nje.

Ijumaa, 29 Novemba
Nimejaribu kukichoma kwa kaa la jikoni. Kinanuka jiko. Na sabuni, kwa mbali. Parsimei anasema mti wenyewe ni mzeituni wa porini, oloirien, siyo kila mti. Tena anasema nimpigie mama yake leo, asije kesho akakikuta hivi. Nimeshika simu mara mbili. Nikaoka biskuti.

Jumamosi, 30 Novemba
Yeyo amefika na galoni ya mgando na mfuko wa rambo. Shikamoo. Marahaba. Sikungoja akae. Nikasema: Yeyo, kibuyu cha Sinyati nimekiosha kwa sabuni.

Akakichukua. Akaingiza pua. Kinanuka limau, akasema. Hope akacheka, kisha akaziba mdomo.

Kumbe alijua! Hope alishampigia tangu Alhamisi. Na mimi, Yeyo akasema, tangu Alhamisi nasubiri simu yako wewe. Akafungua rambo: vijiti vya oloirien, vikavu. Lete moto.

Nilidhani atafanya mwenyewe, au ampe Hope. Akanipa mimi kijiti kinachowaka. Aliyeosha ndiye achome, akasema. Zungusha, usikwangue! Taratibu, siyo ugali huo! Macho yamenitoka machozi, ya moshi na mengine. Kisha akakiziba ili kivute moshi. Mgando utalala humo, alfajiri nioke.

Naandika hapa mezani tukisubiri. Keki zimepoa, hakuna aliyezigusa. Hope ameuliza: Koko, itarudi ile harufu? Yeyo anasema hajui, hajawahi kuona kibuyu kilichooga.

Sasa amekizibua. Hope amenyoosha mikono. Yeyo amempita, ananiletea mimi. Nusa wewe kwanza, anasema. Naweka kalamu chini.