Foki ya Baiskeli ya Shemeji

Karakanani,
Alhamisi, saa saba mchana.

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na nyumba nzima. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na kwamba kule ofisini wamekubadilishia kile kiti kilichokuwa kinakuumiza kiuno. Mimi mwili mzima. Homa sina, kidonda sina, kazi ipo. Lakini nikikwambia sijambo nitakuwa natimiza ada ya barua tu, maana hii ni wiki ya tatu roho yangu iko juu juu, chakula hakipiti, na mtu akifunga mlango kwa nguvu naruka.

Utashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu. Nimekupigia mara nne mwezi huu. Kila ukipokea nauliza kikohozi, nauliza bomba la jikoni kama bado linavuja, kisha nasema salio linaisha na kukata. Salio lilikuwapo, Dada. Ulimi ndio haukuwapo. Wewe uliyenilea ukanibandika jina la Mjuvi kwa ajili ya huu mdomo wangu, ungecheka kuona nilivyofyata mkia. Kwa hiyo nimechukua kalamu.

Nikutoe wasiwasi kwanza, halafu nikutie mwingine. Shemeji na binti yako ni wazima. Shemeji yuko kwenye mkutano wa wasoma mita, pale makao makuu ya idara ya maji, mtaa wa pili kutoka hapa, mpaka saa kumi. Binti yako yuko mlango wa jirani kwa Mshona Viatu, anapanga kamba za viatu kwa rangi na kumpigia kelele mzee wa watu. Baiskeli iko hapa mbele yangu. Hiyo baiskeli ndiyo ninayoiogopa. Naogopa itamuua shemeji, na tangu asubuhi ya leo naogopa zaidi ya hapo.

Unakumbuka ilivyoanza. Shemeji alipopewa eneo jipya, nusu ilikuwa mjini kwenye lami na nusu ni kule juu kwenye barabara za changarawe, ambako magari yenyewe hutapatapa. Alikuwa na ile baiskeli yake nyepesi ya lami, tairi nyembamba kama kidole. Kwenye lami ilikuwa inateleza tu, lakini ikigusa changarawe inayumba, na kila wiki analeta mipira miwili mitatu ya kuziba. Akaja kuniuliza kama anunue baiskeli ya pili ya kule juu, au hii moja inaweza kumfaa kotekote.

Siku hiyo benchi la nje lilikuwa limejaa, na unajua watu wa benchi. Mshona Viatu akasema kwa sauti kwamba lazima ziwe mbili, kwani yeye hajawahi kushona kiatu kimoja cha kwendea harusini na cha kulimia. Watu wakacheka. Mori ukanipanda. Nikawaambia kuwa yeye ajibu ya soli, ya magurudumu aniachie mwenyewe; kwamba baiskeli moja inatosha kabisa, ni suala la tairi tu: ukivisha pana zenye meno madogo katikati, ukapunguza upepo kidogo, unapita changarawe, na kwenye lami unapoteza dakika chache ambazo hakuna anayekudai. Na hilo, Dada, si uongo. Baiskeli za namna hiyo zipo, nimezishika kwa mikono yangu. Lakini hizo zimetengenezwa kiwandani zikiwa na nafasi ya tairi pana. Ya shemeji haikuwa hivyo, na mimi nilikwisha kusema mbele za watu.

Wewe mwenyewe ulinipigia jioni ile. Ulitaka kujua kama nina hakika, kwa sababu shule zikifungwa shemeji humbeba binti yenu kwenye keria. Nilikujibu kwamba ambebe hata mtoto mchanga. Ulicheka ukasema basi, kama Mjuvi kasema. Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Baiskeli ikatoka vizuri, nani atakataa? Shemeji alikuwa akisimama kwa kila anayemjua kuieleza. Alinisimulia kwamba kule juu sasa anapita kama yuko sebuleni, na kwamba wakati wa kurudi, kwenye ule mteremko mrefu wa lami unaoshukia kwenye matangi ya maji, anaachia breki zote hadi machozi yanamtoka. Aliponisimulia mara ya kwanza nilicheka naye. Wiki tatu zilizopita aliponisimulia tena, nilikaa chini kwenye ndoo ya grisi, na suruali niliyovaa haikufulika tena.

Tangu hapo nimefanya kila hila kumtoa kwenye baiskeli ile. Ile Jumapili niliyofika kwenu bila taarifa, ukashangaa sikumaliza sahani, nilikuja kwa ajili hiyo. Nilimwomba tubadilishane na yangu. Akanikazia macho, kisha akacheka akasema bila shaka nimepata mteja wa bei kubwa, na kwamba hauzi, habadilishi, haazimi. Safari ya pili nikazua kwamba breki zake zina kasoro, akazikamata mbele yangu, tairi likakwama pale pale, akanipiga bega kunipongeza kwa kazi nzuri. Mara ya tatu, nakuambia kwa aibu, nilitoboa tairi la nyuma kwa sindano wakati yeye anaoga. Alipotoka aliliziba mwenyewe kwa dakika kumi huku anapiga mluzi. Nilimfundisha mimi.

Leo asubuhi nimesikia kengele yake nje. Nimetoka, namwona binti yako kwenye keria, mikono imemshika baba yake kiunoni, kichwa wazi. Nikamuuliza kofia iko wapi. Akanieleza kwa furaha kwamba walizungukia kule juu kwanza, ikaruka kwenye mteremko, kwamba baba alikwenda kasi kuliko lori, na kwamba chini kabisa baiskeli ilianza kuimba. Nikamuuliza iliimba vipi. Akaniigizia: mlio mwembamba, wa chuma. Shemeji akasema itakuwa cheni, niitazame, akaniachia baiskeli akaenda zake mkutanoni. Haikuwa cheni.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Nimelizunguka vya kutosha.

Siku ile nilipovisha zile tairi pana, la nyuma liliingia bila taabu. La mbele likakataa. Linasugua pande zote mbili za foki, yaani ile miguu miwili ya chuma inayoshika gurudumu la mbele, ambayo ndiyo inayobeba mtu mzima anapofunga breki. Fundi mwenye akili angefanya moja kati ya mambo mawili: angevisha tairi la wastani, au angetafuta foki nyingine. Foki nyingine ilitaka kusubiri wiki mbili, na tairi la wastani lingempa Mshona Viatu cha kusema mwezi mzima. Nikachukua tupa. Nikaikwangua ile miguu upande unaoelekea tairi, huku na huku, kidogo kidogo, mpaka tairi likapita. Ule si mti, Dada, ni bomba. Ndani ni hewa. Nilikuwa nakula ukuta wenyewe, na mkono uliniambia; mtu anayeshika tupa miaka kumi na minane husikia chuma kinapokuwa chembamba, sauti yake hubadilika. Nikasikia, nikaendelea. Kisha nikapuliza rangi nyeusi juu yake, mara mbili, ikakauka ikapendeza.

Na si hiyo tu. Miezi miwili baadaye alikuja Mwalimu, yule mwalimu wa hesabu anayeishi nyuma ya karakana yangu, ambaye hukumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mtu. Alikuwa ameiona ya shemeji akaipenda, naye ana vipindi katika shule mbili, moja lami, moja changarawe. Nikamfanyia vilevile. Tupa ileile, rangi ileile.

Wiki tatu zilizopita foki ya Mwalimu ilikatika. Na haikukatikia kule kwenye mawe, la. Ilikatika kwenye lami nyororo, mchana kweupe, akiwa amefunga breki kumpisha mama mwenye ndoo. Nadhani changarawe ilikuwa inaipasua polepole siku zote, na lami ikamalizia. Alianguka kwa uso. Taya lilivunjika, meno manne yakabaki barabarani. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, mimi ndiye niliyembeba, na wakati wengine wanatafuta gari nilitazama pale ilipokatika. Ilikatika palepale nilipokwangua. Ukuta ulikuwa mwembamba kama mfuniko wa kopo.

Alipopata kuzungumza, kwa kuandika kwenye daftari kwa sababu taya lilikuwa limefungwa nyaya, aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia ni shimo. Nilimwambia, Dada, mtu ambaye hawezi kufungua kinywa, kwamba aliingia shimoni na hakuliona. Akaandika kwamba kweli macho yake yamekuwa mazito siku hizi. Mkewe alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumwokoa mumewe. Na mimi nilirudi hapa, nikaichukua ile foki iliyokatika, nikaitupa kwenye lori la vyuma chakavu lililokuwa linapita. Juzi Mwalimu alinitumia kikaratasi. Anauliza kama ninaweza kumtengenezea nyingine, kama ile ile.

Ndiyo maana ulimi ulikuwa haupo. Niliogopa nikisema ya shemeji, nitalazimika kusema ya Mwalimu, na nikisema ya Mwalimu watanifungia karakana, pengine na mimi mwenyewe watanifungia. Basi kwa wiki tatu, kila siku saa nane mchana, saa anayoshuka shemeji, nilikuwa nasimamisha kazi na kutazama simu nikingoja ilie. Nilijua, nikangoja. Hapo ndipo sina la kujitetea kwako.

Leo nimeifungua foki yake. Nimekwangua rangi kwa kucha, nikapaka mafuta, nikafuta, mafuta yakabaki kwenye mstari mwembamba. Mguu wa kulia una ufa. Umezunguka zaidi ya nusu. Ule wimbo aliousikia binti yako ulikuwa ni huo. Sijui kwa nini haikukatika leo asubuhi na wao wawili juu yake.

Ningeweza kufunga foki mpya sasa hivi. Ninayo, niliiagiza siku ileile ya Mwalimu, iko juu ya kabati. Kufikia saa kumi shemeji angeikuta imekaa sawa, angenishukuru, na hakuna kiumbe ambaye angejua. Nimeishika mara mbili nikairudisha. Nikiifunga kimyakimya, najijua, na ya Mwalimu nitaizika hivyohivyo, na siku moja mtu mwingine atataka tairi pana haraka.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Ile foki mbovu nimeifunga kwenye gazeti, na shemeji ataibeba kwenye mfuko pamoja na barua hii. Nitamwambia ni mzigo wako, usifunguliwe njiani. Nitamwambia pia kwamba baiskeli haijawa tayari. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwake, maana nikimweleza hapa nje mbele ya benchi atageuza mzaha, nami nitamsaidia kucheka. Ninajijua. Wewe hakuna anayekugeuzia mzaha. Ifungue mbele yake, mwambie apitishe kidole kwenye ufa, kisha umsomee barua hii yote, usiruke neno, hata lile la sindano.

Mimi nikishawapandisha basi nafunga mlango nakwenda kwa Mwalimu. Ni hatua sitini, nimezihesabu. Utakapofika kwenye mstari huu nitakuwa nimekwisha kukaa sebuleni kwake. Naogopa, Dada, naogopa kama mtoto. Simwogopi Mwalimu, atachukua daftari lake aandike polepole. Namwogopa mkewe, atakaponyamaza. Kama watanipeleka polisi usije mbio. Maliza kikohozi chako kwanza.

Hapa nimekatizwa. Binti yako ameingia kuuliza kama wakati wa kurudi wanaweza kuzungukia tena kule juu washuke mteremko. Nimemwambia leo mnarudi kwa basi. Ameangua kilio, ameniambia mimi ni mjomba mbaya, anainamia gurudumu na kulizungusha kwa kidole. Nimemwacha alie. Atafika kwako macho yamemvimba. Mpokee tu hivyo hivyo.

Wasalimie majirani, na bomba la jikoni lisiguswe na mtu mpaka apatikane fundi wa kweli. Salamu nyingi kwa shemeji, utakapomaliza kumsomea, kama bado atazitaka.

Ni mimi mdogo wako,
Mjuvi.